Alikufungaje?

Hotuba kwa vijana wa klabu yetu ya chesi na wazazi wao, Kisumu, Jumamosi asubuhi kabla ya raundi ya kwanza. Nimeiandika karibu kama nilivyoitoa, nikapunguza tu pale nilipopiga domo kupita kiasi.

Oyawore, Kisumu. Hamjambo wazazi, hamjambo wanangu. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vya mbele haviumi. Najua kuna waliopanda matatu alfajiri kutoka Ahero, na kuna mmoja aliyeniambia ametoka Maseno bila hata kunywa chai. Chai ipo, mandazi yapo, mimi ndiye niliyesimama katikati yenu na mandazi, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine kabisa. Nilitaka kuwaeleza namna ya kufungua mchezo. Lakini kwenye saa moja na nusu asubuhi, nikiwa bado natandika mbao, kijana mmoja wa hapa hapa klabuni alinijia na simu mkononi. Simtaji, na yeye asijitaje. Akaniambia, "Mwalimu, jana usiku nimeibiwa."

Nikashtuka. Nikamtazama kichwani kama ana jeraha, nikamuuliza kama amepiga ripoti polisi. Kumbe ameibiwa mchezo wa chesi aliocheza mtandaoni kwa simu. "Yule jamaa alikuwa anaonyeshwa hatua na kompyuta, Mwalimu. Angalia mwenyewe, programu inasema usahihi wa hatua zake ni asilimia 93."

Nikamwambia vuta kiti, tufungue mchezo huo. Hakutaka. Alitaka nikubali kwanza kwamba ameibiwa, halafu ndipo tufungue. Tukabishana kidogo kama watu wa soko, mwisho akaketi.

Alikuwa na weusi. Katika hatua ya nane farasi mweupe aliruka akatua mraba wa b5; herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo. Wenye mbao mbele yenu, wekeni farasi hapo mtazame. Kutoka b5 anaiona c7. Na farasi akifika c7 anamgusa mfalme aliye e8 na ngome iliyo a8 kwa mpigo mmoja. Malkia akiwa nyumbani kwake d8 ndiye anayeilinda c7, lakini malkia wa kijana wetu alikuwa ameshatoka zamani, ameenda upande wa pili kutafuta vita. Farasi alikaa pale b5 kama paka anayetazama dagaa. Hakujificha. Kijana wetu akasogeza askari wa pembeni, yule wa h, kwa sababu alikuwa na mipango yake huko. Farasi akaingia c7, cheki, yaani mfalme ameshambuliwa, mfalme akahama, ngome ikaliwa.

Mpaka hapo si msiba. Watu hupoteza ngome na wakarudi mchezoni. Kilichonisikitisha ni saa. Baada ya ngome kwenda, alicheza hatua nane ndani ya sekunde 22, na alikuwa na dakika saba nzima mkononi. Hizo hatua nane hakuzicheza yeye, zilichezwa na hasira. Kwenye ya sita kati ya hizo aliweka malkia mbele ya askofu, askofu akamla. Hatua ya 19, chekimeti, mfalme hana pa kukimbilia.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 93. Ngoma ilianzia hapo. Mtu akitembea chini ya mwembe baada ya upepo mkali, akaokota embe zilizoanguka, utasema ana shabaha? Yule mpinzani alikuwa anaokota. Ngome imeanguka, akaokota. Malkia ameanguka, akaokota. Kila hatua iliyo sahihi ilikuwa imelala barabarani inamsubiri. Usahihi kwenye mchezo mfupi ambao mmoja wenu anagawa vipande bure hupanda hata kwa mtu aliyejifunza wiki tatu zilizopita. Namba hiyo inasema hakukosa vile ulivyompa, na kuhusu kompyuta haisemi lolote.

Msimcheke. Nasema msimcheke kwa sababu mimi, niliyefundisha hisabati miaka mingi na kuwahubiria watoto wa watu habari ya ushahidi, nimefanya hivyo hivyo na ndevu zangu hizi. Ilikuwa usiku, stima ilikuwa imepotea na kurudi, nikaketi na simu kitandani. Nikafungwa na mtu asiyejulikana, hana hata picha. Nikawaka. Nikabonyeza kitufe cha kuripoti, nikaandika maelezo marefu kwa Kiingereza cha ofisini, kisha nikamgeukia mke wangu na kumwambia dunia imeharibika, siku hizi hata chesi watu wanaiba.

Mke wangu hachezi chesi. Hajui farasi anaruka vipi na hana haja ya kujua. Akaniuliza swali moja tu: "Alikufungaje?"

Nikafungua mdomo nikaufunga. Sikujua. Nilijua nimeibiwa lakini sikujua nimefungwaje. Ni kama mtu anayekwenda kituoni kuripoti kuibiwa, akiulizwa kilichoibiwa ni nini, anasema bado hajaangalia.

Ikabidi niufungue mchezo, kwa aibu, nikiwa nimempa mgongo. Nilichokuta ni kwamba hatua ya 14 niliacha farasi wangu bila mlinzi. Sawa. Lakini kilichonimaliza ni hiki: yule niliyemwita mwizi alikuwa na chekimeti ya hatua moja mara mbili, na mara zote mbili hakuiona. Mara mbili! Kompyuta haiwezi kukosa chekimeti ya hatua moja hata ukiimwagia maji. Mwizi gani huyu, ana funguo za mlango wa mbele na bado anahangaika kuingilia dirishani mpaka suruali inakwama? Alikuwa mtu kama mimi, amechoka kama mimi, pengine naye yuko kitandani kwake anapigana na mbu.

Na kabla ya kuifikia kompyuta, kuna mambo mengine ambayo mwanafunzi mpya huyaita wizi. Mama mmoja aliniambia binti yake wa miaka tisa aliifuta programu kwenye simu kwa sababu askari wa adui alimla askari wake bila kukanyaga alipokuwa amesimama. Alilia. Na mama naye aliona, akakubali kwamba hiyo programu ni ya wakora. Wazazi, hiyo ni sheria ya mchezo, ina mamia ya miaka. Askari wako akiruka miraba miwili kutoka nyumbani kwake, akatua ubavuni mwa askari wa adui, yule adui anaruhusiwa kumla kana kwamba alisogea mraba mmoja tu. Lakini anaruhusiwa pale pale, hatua inayofuata. Ikimpita imempita. Yule binti leo yuko hapa, na juzi alimfanyia kaka yake hivyo hivyo, kaka akapiga kelele nyumba nzima ikasikia.

Wengine wanalilia sare. Una malkia, mwenzako amebaki na mfalme peke yake, unamfukuza, unamfukuza, mpaka unamziba pande zote bila kumpa cheki. Hana pa kwenda na hajapigwa cheki: hiyo ni sare. Hakuna aliyekunyang'anya ushindi, umeufungia mlango ukiwa nje. Na wengine bando limekwisha katikati ya mchezo, saa ikaendelea, wakahesabiwa wamefungwa, wakasema wameibiwa. Hapo sina la kusema, mwenye kuuza bando mnamjua nyinyi.

Mimi sidhani tabia hii imetoka kwenye simu. Tulikuwa nayo. Timu yangu ya mpira, na siitaji kwa sababu nataka kutoka humu salama, haijawahi kufungwa hata siku moja tangu nizaliwe. Huwa tunauzwa. Huwa refa amekula kitu kidogo. Huwa uwanja umemwagiwa dawa. Kipa akiruka upande wa kushoto na mpira ukaenda kulia, kuna mtu alizika kitu golini. Nimekaa na wanaume wazima Jumatatu nzima tukichambua refa, na hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba mabeki wetu walikuwa wamesimama wakiomba ofsaidi mikono juu.

Nikilinganisha, nawakumbuka wazee waliocheza ajua, ule mchezo wa kete na mashimo, kwetu chini ya mti. Kule pia watu walishukiana, tena sana. Mzee mmoja alikuwa na vidole vyepesi, akigawa kete ungeapa moja imepita na mwenzake. Lakini nilichokiona nikiwa mdogo ni kwamba mtu akilalamika, hawakukaa kujadili tabia ya mlalamikiwa. Walirudisha kete nyuma. Wanarudisha shimo kwa shimo, wanahesabu tena mbele ya wote, na mara nyingi ilionekana mlalamikaji ndiye aliyehesabu vibaya. Alichekwa, mchezo ukaendelea. Simu zenu zina uwezo huo kuliko wale wazee. Mchezo wote umeandikwa, hatua kwa hatua, na sekunde za kila hatua. Lichess, tovuti ya kucheza chesi, inakuchambulia mchezo wako bila malipo na bila matangazo. Kazi ni kidole tu, lakini kidole hicho ni kizito siku umefungwa.

Wakubwa nao wamepitia haya, msidhani ni ushamba wetu. Mwaka 1972, Reykjavik, huko Iceland, Boris Spassky alikuwa akitetea ubingwa wa dunia dhidi ya Bobby Fischer. Spassky alikuwa anazidiwa. Upande wake ukatoa taarifa kwamba pengine kuna vifaa vya umeme au kemikali vinavyomsumbua bingwa wao ukumbini. Basi viti vikapigwa eksrei. Taa zikafunguliwa. Wakakuta ndani ya taa nzi wawili waliokufa. Nzi wawili, jamani, na hata hao hatukuambiwa walikuwa upande wa nani. Fischer akashinda kwa pointi 12½ kwa 8½. Miaka sita baadaye, Baguio, Ufilipino, Karpov na Korchnoi walifika mahali pa kugombana juu ya kikombe cha mtindi alicholetewa Karpov akiwa mchezoni, kwamba huenda ni ujumbe wa siri. Hawa ndio walikuwa wachezaji bora wa dunia.

Sasa mnipe dakika mbili za hisabati, halafu sitarudia. Reitingi mnazozipenda, yaani pointi zinazopima nguvu ya mchezaji, zilitokana na hesabu za Arpad Elo, profesa wa fizikia kule Marekani, na shirikisho la chesi la dunia likazikubali mwaka 1970. Hesabu inasema hivi: mkilingana pointi, kila mmoja anatarajiwa kupata nusu. Akikuzidi pointi 100, anatarajiwa kuchukua kama 64 katika kila 100. Akikuzidi 200, kama 76. Na programu inapokutafutia mpinzani, inakutafutia nani? Aliye sawa nawe. Inajitahidi, kwa makusudi, ufungwe karibu nusu ya michezo yako. Ukipanda kidogo, inakuletea aliyepanda kidogo. Kwa hiyo ukicheza michezo kumi usiku mmoja ukafungwa mitano, hakuna kilichoharibika.

"Lakini Mwalimu, nilifungwa mitano mfululizo!" Toa shilingi mfukoni uirushe. Kupata kichwa mara tano mfululizo ni bahati ya moja katika 32. Nyinyi mnacheza michezo 32 kati ya Ijumaa jioni na Jumapili, msinidanganye, naona macho yenu Jumatatu. Lazima siku moja itatokea.

Na jambo lingine. Anayetumia kompyuta kwenye kila mchezo hakai sana kwenye pointi 600. Atashinda wote, atapanda, atawaacha huko chini mkikosana wenyewe. Wapo wanaoiba mara moja moja kwa ujanja, sikatai. Lakini ukiwa mwanzoni, aliyekufunga karibu kila siku ni mtu aliyeona farasi ambaye wewe hukumwona.

Wizi upo, na sitaki mtoke hapa mkidhani naufunika. Programu iliyo kwenye simu ya bei ya chini inaweza kumshinda bingwa wa dunia, kwa hiyo kishawishi kipo mfukoni mwa kila mmoja wenu. Septemba 2022, Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati ule, alifungwa na Hans Niemann, kijana wa miaka 19, mjini St. Louis, akajitoa mashindanoni. Niemann akakiri kwamba aliwahi kutumia msaada wa kompyuta kwenye michezo ya mtandaoni akiwa na miaka 12 na tena 16, akakana kabisa kwamba aliiba kwenye ubao ule. Niemann akampeleka Carlsen mahakamani, wakaja kupatana Agosti 2023. Kwamba aliiba siku ile hakujathibitishwa. Carlsen mwenyewe alitozwa faini ya euro 10,000 na shirikisho la dunia kwa kujitoa bila sababu halali. Angalieni hapo: kijana alikuwa ameiba kweli zamani, na bado hiyo haikutosha kuthibitisha mchezo ule mmoja. Kumshuku mtu ni rahisi, kuthibitisha ni kazi nyingine.

Na hapa kwetu Kenya, Aprili 2023, mtaikumbuka. Kijana wa kiume alivaa buibui, niqabu na miwani, akaingia upande wa wanawake kwenye mashindano ya wazi Nairobi, akawa anawafunga. Waamuzi waliona mchezaji mgeni asiyeongea na mtu, mwenye nguvu kuliko ilivyotarajiwa, amevaa viatu vinavyofanana na vya kiume. Ni viatu vilivyosema. Lakini hawakupiga kelele ukumbini. Walimpeleka pembeni, wakamwomba kitambulisho, akakiri, akaomba msamaha kwa maandishi. Mimi kilichonipendeza ni ule upole. Wangekosea, wangekuwa wamemvua dada wa watu heshima yake mbele ya umati kwa sababu amevaa anavyovaa.

Kwa hiyo mkishuku kweli, ripotini. Mara moja, kitufe kimoja, basi. Kuna watu kazi yao ni hiyo na wana vipimo ambavyo wewe huna, mathalani kuona mtu anayetumia sekunde zile zile kwa hatua ngumu na kwa hatua ambayo hata mtoto angeijibu. Akikamatwa, Lichess na Chess.com wanakurudishia pointi zako. Usimwandikie matusi. Usipeleke jina lake kwenye kikundi cha WhatsApp cha klabu. Wiki iliyopita niliamka nikakuta jumbe 74, nikadhani kuna aliyefariki.

Kuna hasara moja nyingine ya kushuku, nayo hutokea ubaoni kwenyewe. Mwaka 1997, New York, Garry Kasparov, mchezaji bora wa dunia wakati ule, alicheza na Deep Blue, kompyuta ya IBM. Katika mchezo wa pili mashine ilicheza kwa utulivu ambao Kasparov hakuutegemea kwa mashine, akaanza kuhisi kuna mkono wa binadamu nyuma yake. Akakata tamaa, akajisalimisha. Kesho yake wenzake wakamwonyesha kwamba alikuwa na njia ya kupata sare, kumpiga mfalme cheki bila kikomo. Hakuitafuta. Aliamini aliyekaa ng'ambo hawezi kukosea, na ukishaamini hivyo unatafuta nini tena? Pambano zima akalipoteza kwa 3½ kwa 2½. Kasparov! Macho yale! Mimi kila nikiukumbuka mchezo ule naumia kama ni mimi.

Sasa la leo. Mmeona kila kiti kina daftari la kurasa 32 na kalamu. Wazazi, hela zenu za usajili zimeenda huko na kwenye mandazi. Ukimaliza mchezo, umeshinda au umefungwa, unakwenda meza ile ya dirishani na mpinzani wako, mnaurudisha pamoja kutoka mwanzo. Bila simu, bila kompyuta ya kuchambua. Aliyefungwa anaandika sentensi moja: nilifungwaje. Haruhusiwi kuandika habari za mpinzani. "Nilitoa malkia mapema, c7 ikabaki wazi." Kama hiyo. Akiandika "alikuwa na bahati" narudisha daftari. Mkirudi nyumbani kompyuta ziwachambulie mpaka asubuhi, lakini kwanza macho yenu.

Wazazi nanyi, mtoto akitoka pale mlangoni uso umekunjamana, msimuulize "umeshinda?" Wala msimpe pole ya haraka kwamba yule mwingine ni mkubwa, au ni wa shule ya pesa, au amefundishwa na mzungu. Muulizeni lile swali la mke wangu. Yuko pale nyuma, anasimamia chai, na anajifanya hasikii.

Raundi ya kwanza ni dakika 15 kila mmoja. Kikapu kile cha mlangoni ni cha simu, na yangu inatangulia. Imezimwa? Ngoja... bado. Sasa imezimwa. Wazazi nanyi simu zenu, tafadhali, msinitazame hivyo.

Kijana wa jana usiku, uko ubao wa nne, una weusi tena. Daftari unalo? Haya. Peaneni mikono. Weusi, bonyezeni saa.